Chaguo la Asiyechagua

Ukiweka Linux kwenye kompyuta, unapitishwa kwenye kurasa kadhaa za maswali. Unataka lugha gani? Uko wapi duniani? Jina lako nani? Halafu unafika kwenye ukurasa wa diski. Pana maneno ambayo watu wengi hawajawahi kuyasikia, na chini yake pana kitufe cha kuendelea. Karibu kila mtu hukibonyeza. Kwa kidole hicho kimoja imeshaamuliwa jinsi kila kitu atakachoandika kwenye mashine ile kitakavyotunzwa, na siku umeme ukikatika, kitakavyookolewa au kitakavyopotea.

Nimesema "imeshaamuliwa" kwa makusudi. Aliyebonyeza hakuamua chochote. Waliamua watu wengine, zamani, katika mijadala ambayo yeye hataisoma maishani.

Kinachoamuliwa pale ni mfumo wa faili. Diski haijui faili ni nini. Yenyewe ni ghala lenye mamilioni ya vyumba vidogo, kila kimoja na namba yake. Mfumo wa faili ni karani wa ghala hilo. Karani ndiye anayejua kwamba barua yako imeanzia chumba fulani, ikaendelea kwingine na kuishia kwingine kabisa. Daftari lake likiharibika, mali yote imo ghalani na hakuna anayejua pa kuitoa. Makarani wako wengi na kila mmoja ana tabia yake: ext4, XFS, Btrfs, ZFS. Wanaotengeneza mifumo endeshi huria, kama Debian, Ubuntu, Fedora na openSUSE, hawana budi kumteua mmoja atakayeajiriwa pale mtumiaji anaposema "endelea". Uteuzi huo ndio unaoitwa chaguo-msingi.

Nina ugomvi na vigezo vya uteuzi huo. Kila ninapokaa na wenzangu wa fani ya kompyuta mazungumzo huwa yale yale: upi una kasi, upi una mambo mengi, upi ni wa kisasa. Ukiuliza kuhusu mtu wa kawaida, jibu liko tayari: asiyeupenda ataubadilisha mwenyewe. Jibu hilo linasikika kama uhuru, lakini ni njia ya kukwepa jukumu. Anayejua kubadilisha hahitaji chaguo-msingi. Lipo kwa ajili ya yule asiyejua kwamba pana kitu cha kubadilisha. Basi tuache kulipima kwa mahitaji ya mjuzi. Tulipime pale ambapo ubaya wake utaumiza zaidi. Mimi napendekeza tulipime Chwaka.

Chwaka iko pwani ya mashariki ya Unguja, kwenye ghuba yenye mikoko, majani ya bahari na mashamba ya mwani. Tangu 2004 pana Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, na watafiti wamekuwa wakija huku kwa miaka mingi. Mimi ni mmoja wao. Shahada yangu ya uzamili inanitaka niwe dikoni vyombo vinaporudi, nipime urefu na uzito wa tasi, changu na pono kabla hawajanadiwa. Samaki niliyempima saa mbili asubuhi, adhuhuri yumo chunguni. Hapimwi tena. Bamvua la mwezi huu halitarudi ati kwa sababu faili langu limepotea. Wengi wanaobishana kuhusu mifumo ya faili wamezoea vitu vinavyoweza kupakuliwa upya. Huku kuna takwimu ambazo asili yake imeshaliwa kwa wali.

Sasa tazama mashine zenyewe. Kompyuta nyingi ninazoziona huku ni laptopu za mtumba. Betri imekufa siku nyingi, kwa hiyo zinafanya kazi zikiwa zimechomekwa ukutani tu. Ni laptopu kwa sura, lakini umeme ukiondoka na zenyewe zimeondoka. Diski ndani yake ilikwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika nchi nyingine. Na umeme huondoka kwa njia nyingi. Mvua imenyesha na nguzo imelala. Mita imemaliza uniti usiku wa manane. Mtoto amechomoa waya apate pa kuchajia simu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonekana kwenye majedwali ya kasi yanayochapishwa kila toleo jipya likitoka.

Ushahidi wangu mkuu ni wa mwaka 2009.

Mwishoni mwa 2008, kerneli ya Linux 2.6.28 ilitoka na ext4 ukitangazwa kuwa umekomaa. Ili kupata kasi, ext4 ulikuwa na mtindo wa kuchelewesha. Ukihifadhi faili, karani alilishika mkononi kwanza, akingoja mengine yaje, ili ayapange yote kwa safari moja. Mtangulizi wake, ext3, kwa kawaida alikuwa akifunga hesabu kila sekunde 5. ext4 uliweza kungoja nusu dakika au zaidi. Mapema 2009, watu waliokuwa wakijaribu toleo lijalo la Ubuntu wakaanza kuripoti jambo la kutisha: mashine ikizimika ghafla, faili zilizohifadhiwa muda mfupi uliopita zilirudi tupu. Jina lipo, ndani baiti sifuri.

Theodore Ts'o, kiongozi wa uundaji wa ext4, alieleza kwamba kiwango cha POSIX hakiahidi vinginevyo: programu inayotaka uhakika inatakiwa iagize waziwazi data ishushwe kwenye diski, na programu zile hazikuagiza. Kwa sheria alikuwa sahihi. Lakini aliyepoteza faili si yeye aliyeiandika programu, wala hakuisoma POSIX. Sheria ilikuwa upande mmoja na hasara upande mwingine. Hatimaye Ts'o huyo huyo aliongeza marekebisho, yakaingia kwenye kerneli 2.6.30. Tangu hapo, mfumo ukiona programu inaweka faili jipya mahali pa la zamani, hushusha data kwanza. Kiwango hakikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni tabia ya karani, kwa sababu watu wa kawaida walipiga kelele na karani yule alikuwa njiani kuajiriwa na kila mtu.

Oktoba 2009 Ubuntu 9.10 ikatoka, na ext4 ndilo likawa chaguo-msingi lake. Wiki chache baadaye, tarehe 10 Desemba 2009, Unguja nzima ikaingia gizani. Waya wa chini ya bahari uliokuwa ukileta umeme kutoka Bara, uliolazwa mwaka 1980, ulikuwa umeharibika. Giza hilo lilidumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Na halikuwa la kwanza: Mei na Juni 2008 kisiwa kilikuwa kimekaa karibu mwezi mzima bila umeme. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013.

Wa umri wangu tulikuwa skuli ya msingi wakati ule. Tunachokikumbuka zaidi ni ngurumo za jenereta. Kwa miezi ile mitatu kompyuta iliyowaka Unguja iliwashwa kwa jenereta, na jenereta petroli ikiisha haipigi hodi. Hebu weka mambo hayo mawili pamoja. Karani anayengoja nusu dakika kabla ya kuandika angeletwa kwenye kisiwa ambacho umeme wake ulikuwa unakufa kila dumu linapokauka. Kilichozuia ni kelele za watu waliokuwa mbali, wenye shida nyingine kabisa, waliokutana na tatizo miezi michache mapema. Sisi tulifaidika kwa bahati. Na bahati haiwezi kuwa utaratibu wa kuchagua chaguo-msingi.

Kwa nini sauti yetu haikuwemo? Si kwamba Waswahili walikuwa wamelala. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, ya kumtafutia kila kitufe jina lake. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, alitoa Ubuntu ya kwanza, yenye jina la Kibantu ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulisikia: utu. Kwa hiyo zaidi ya miaka 20 sasa tuna maneno yetu kwenye menyu, na neno la ndugu zetu kwenye jina la mfumo. Tulichokosa ni kauli katika maamuzi yaliyo chini ya menyu hizo.

Tulitafsiri neno "hifadhi". Hatukuuliza kama kitu kilichohifadhiwa kimehifadhika. Na kwa Kiswahili neno hilo ni zito. Ndilo tunalolitumia kwa msitu wa Jozani, na ndilo tunalomwomba Mungu mtu anaposafiri. Kitufe kinachosema "hifadhi" halafu kikaliacha faili likining'inia kwenye kumbukumbu ya mashine kimesema uongo kwa lugha yetu, na tafsiri ni sisi tuliyoiandika.

Sasa nitoe kura yangu. Kwa kompyuta ya mtu mmoja, yenye diski moja, isiyo na mtaalamu karibu, chaguo-msingi leo libaki ext4. Najua kura hii inawaudhi wapenda mapya. openSUSE ilihamia Btrfs mwaka 2014, na Fedora 33 ikafuata kwa kompyuta za mezani Oktoba 2020. Hawakufanya hivyo kwa ushamba. Btrfs huweka hesabu ya uhakiki kwa kila kipande cha data, na kila kinaposomwa hesabu inarudiwa. ext4 haufanyi hivyo kwa yaliyomo ndani ya faili. Hitilafu ikigeuza 3 kuwa 7 katika uzito wa tasi wangu bila diski yenyewe kushtuka, ext4 utanipa 7 kwa uso mkavu. Btrfs utakataa kunipa. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yangu na siwezi kuipuuza. Faili lililokufa utalililia. Faili linalodanganya utaliweka kwenye tasnifu.

Lakini tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Kwenye diski moja, Btrfs kwa kawaida una nakala moja tu ya yaliyomo ndani ya faili. Ukigundua kipande kimeoza, hauna pa kuchukua kizima. Unakwambia ukweli halafu unakuacha nao. Pili, Btrfs hauandiki juu ya kilichopo. Huandika pembeni, kisha hugeuza daftari lielekee kwenye kipya. Ni mtindo mzuri mno kwa siku ya umeme kukatika, kwa sharti kwamba diski iseme kweli inapojibu "nimeshaandika". Diski za bei ya chini zimo zinazojibu hivyo kabla hazijaandika. Umeme ukikatika hapo, karani anarudi na kukuta daftari linaloelekeza kwenye ukurasa ambao haupo, na anaweza kugoma kufungua ghala zima.

Hapo ndipo unapochukua mashine yako mpaka kwa fundi Darajani. Mwongozo wa Btrfs wenyewe unaonya kwamba amri yake ya kutengeneza isitumiwe ila kwa ushauri wa watengenezaji au mtu mzoefu wa mambo hayo. Utampata wapi kibarazani? ext4 una e2fsck, chombo kilichokua pamoja na familia hiyo ya mifumo tangu ext2 ya mwaka 1993. Si cha kupendeza. Lakini hujitahidi kutoa kilichobaki, na vipande visivyojulikana jina huvitupia kwenye folda ya lost+found, ukae uvichambue. Fundi aliyejifunza kazi kwa kuangalia wenzake anaweza kukiendesha, hata siku intaneti haipo.

Kuna mwenzangu huwa ananijibu kwamba Facebook inautumia Btrfs kwenye seva zake nyingi sana, basi nani mimi wa kuutilia shaka. Ni kweli inautumia. Lakini Facebook pia imewaajiri baadhi ya watengenezaji wakuu wa Btrfs. Ikiamka asubuhi diski imegoma, aliyeiandika programu yupo kazini. Red Hat, mfadhili mkuu wa Fedora hiyo hiyo, iliuweka Btrfs pembeni kwenye mfumo wake wa biashara mwaka 2017 na kuuondoa kabisa katika toleo la 2019. Wao chaguo-msingi lao tangu 2014 ni XFS. Kila mmoja alitazama watu wake na wahandisi wake, akachagua kinachowafaa. Ndicho ninachokiomba na kwa Chwaka. Kinachomfaa mwenye jeshi la wahandisi hakijathibitika kumfaa asiye na hata mmoja.

Kisha kuna suala la umri. Kompyuta inayonunuliwa mpya leo Ulaya itafika huku ikiwa imechoka, na itaishi tena miaka mingi mikononi mwetu. Kwa hiyo karani anayeteuliwa leo sharti awe bado anaeleweka baada ya miaka 15. ReiserFS uliwahi kuwa chaguo-msingi la SUSE na fahari ya wakati wake. Mapema 2025, kerneli 6.13 ilitoka bila huo. bcachefs uliingia kwenye kerneli Januari 2024 kwa matumaini makubwa, na mwaka 2025 ukaondolewa baada ya mivutano ya muda mrefu kati ya mwandishi wake na Linus Torvalds. Mitindo hii hupita haraka kuliko laptopu zetu.

Nimeambiwa pia kwamba tatizo langu si la programu, ni la umeme, kwa hiyo watu wanunue UPS. Anayesema hivyo ajaribu kuilea betri kwenye nyumba ya pwani yenye joto na hewa ya chumvi, halafu arudi tuzungumze. Na hata ingekuwa rahisi, hoja imekaa kichwa chini. Fundi wa ngalawa hamwambii mvuvi ajenge gati kwa sababu chombo alichomuundia hakivumilii wimbi. Wimbi lilikuwepo kabla ya chombo. Kazi ya fundi ni kuunda cha kulivuka.

Kura yangu kwa ext4 si ndoa. Atakayetaka niibadilishe atimize mambo matatu.

La kwanza, jaribio la waya. Kila pendekezo la kubadilisha chaguo-msingi lije na matokeo ya kuchomoa waya mara mamia, kwenye diski kuukuu na za bei ya chini, katikati ya kuandika. Kasi ije baadaye. Mtu hawezi kufaidi sekunde mbili alizookoa kila siku kama siku moja atapoteza miezi sita.

La pili, matengenezo yawezekane bila intaneti na kwa lugha ya mtu. Leo ext4 wenyewe ukishindwa kujitengeneza unakutupia skrini nyeusi yenye mistari ya Kiingereza ikikutaka uandike amri kwa mkono. Umefika hatua ngumu kuliko zote katika maisha ya kompyuta yako, na hapo ndipo Kiswahili kinapotoweka. Hapa sina cha kuutetea ext4. Na hapa ndipo vijana wanaojua kutafsiri wana kazi yenye thamani kuliko kubishana kama kipanya kiitwe puku.

La tatu, ukurasa ule wa diski uongezewe swali moja: nakala ya pili itakaa wapi? Hakuna karani, awe ext4 au Btrfs, anayeweza kuokoa diski iliyoungua. Huku nakala ya pili karibu siku zote ni flashi, inayopanda daladala kwenda mjini mfukoni mwa mtu. Na flashi nyingi hutumia FAT32, mfumo wa 1996 usiobeba faili la kufikia GB 4 na usio na daftari la kumsaidia kurudi pale waya ulipochomolewa. Mfumo endeshi unaojiita wa watu wote uchukulie flashi hiyo kuwa sehemu ya kazi yake: uiulizie, unakili wenyewe, usome tena ulichonakili kuhakikisha kinalingana. Hapo hata ile hoja nzito ya hesabu ya uhakiki itapata pa kusimama, kwa sababu ukijua faili limeoza utakuwa na pa kulitoa zima.

Siku Btrfs, au mwingine ambaye hajazaliwa, atakapotimiza hayo, nitampigia kura mchana kweupe.

Hadi hapo, ninyi mnaosoma haya na mnaojua kutunga programu, milango iko wazi. Mijadala ya Debian na ya Fedora haina ada wala haitaki viza. Wanaoamua wanasikiliza ushahidi. Ext4 ya 2009 ni shahidi. Chukueni laptopu kuukuu, diski rahisi na siku mbili za subira. Andikeni, zimeni, washeni, hesabuni kilichobaki, kisha pelekeni hesabu hizo kwenye mjadala ujao kabla halijatangazwa jambo. Na mkimwona mtu anawaonyesha jedwali la kasi, mwombeni kwa adabu jambo moja tu: kabla ya kura, achomoe waya.